Watu Mashuhuri wa Zama za Mwamko: Somo Lililotolewa Uwanja wa Ndege wa Juba

Mwanafunzi wa historia hufika siku moja akakutana kitabuni na jina gumu, Renaissance. Ni neno la Kifaransa, na maana yake ni kuzaliwa mara ya pili. Kwa Kiswahili twaziita Zama za Mwamko. Husemwa ya kuwa zama hizo zilianza Italia katika karne ya 14, zikaenea Ulaya, zikafika mwisho wake yapata mwaka wa 1600. Wengi wetu tumezoea kukariri majina na miaka: huyu alichora, yule alichonga, mwingine alitawala. Mtihani ukiisha, majina nayo huondoka. Nia yangu ni kuwaeleza wenzangu wa vidato vya chini habari za watu hao kwa njia nyingine, wapate kujua walifanya nini, elimu yao waliipata wapi, na kwa nini yatuhusu sisi tuliozaliwa kando ya mto Nile.

Njia hii sikuipata darasani. Niliipata wakati wa likizo katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, na ni vema nieleze jinsi ilivyokuwa, maana maswali niliyoulizwa pale ndiyo yaliyolipanga somo hili.

Mjomba wangu ni mchukuzi wa mizigo katika uwanja ule, naye ndiye anilipiaye karo. Mimi si mtu wa kupanda ndege. Huenda nyumbani kwa basi, kwa njia ya Nimule. Lakini kila adhuhuri nilimpelekea mjomba chakula, kisha nikakaa pamoja na wenzake chini ya mwarobaini, nje ya uzio, wakingoja ndege ya mizigo. Mjomba alijifunza Kiswahili kambini Kakuma, na wenzake wawili ni watu wa Uganda, kwa hiyo tulizungumza bila taabu. Siku moja alinikuta nasoma kitabu cha historia. Akauliza, "Watu hao unaowasoma walikufa lini?" Nikamjibu, "Yapata miaka mia tano, mjomba." Akanyamaza kidogo, ndipo akasema, "Mwaka ujao utachagua masomo ya kidato cha tano. Mimi nabeba magunia ili wewe usome. Sasa nieleze, mtu aliyekufa miaka mia tano atanisaidia nini kushusha gunia?"

Halikuwa swali la mzaha. Nilijua ya kuwa nikishindwa kulijibu nitaambiwa niache Historia nikasome masomo ya biashara. Nikamwomba siku tatu, siku moja kwa wenye hekima, ya pili kwa mafundi, na ya tatu kwa watawala. Akakubali.

SIKU YA KWANZA: WENYE HEKIMA

Nilianza kwa kuwaonyesha uwanja wenyewe. Mbele yetu palikuwa na ukumbi wa abiria uliofunguliwa mwaka wa 2018. Kabla yake, kwa muda, abiria walihudumiwa katika mahema. Ndege hufika pale kutoka Addis Ababa, Nairobi na Entebbe. Nyingine ni za Umoja wa Mataifa, nazo hupeleka watu na misaada majimboni, mahali ambapo barabara huzama matopeni wakati wa mvua. Nikawauliza, "Vitu gani huingia kwa mlango huu?" Wakataja unga, mchele, dawa, vipuri vya magari na maboksi ya simu. "Na kinachotoka?" Wakafikiri. Mmoja akasema, "Wagonjwa waendao kutibiwa, na wanafunzi."

Basi nikawaambia ya kuwa miji ya Florence, Venice na Roma ilikuwa milango kama huu, ila katika mizigo iliyoingia kulikuwamo vitabu, na katika wageni walikuwamo walimu. Watu wa Ulaya ya Magharibi walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya elimu ya Wayunani wa kale, kwa sababu walioijua lugha ya Kiyunani walikuwa wachache sana. Mwaka wa 1397 mwalimu mmoja, jina lake Manuel Chrysoloras, alitoka Constantinople, mji ambao leo huitwa Istanbul, akaja Florence kuifundisha lugha hiyo. Wanafunzi wake walianza kusoma na kutafsiri vitabu ambavyo baba zao walivijua kwa kuvisikia tu.

Kisha mwaka wa 1453 Sultani Mehmed wa Pili aliuteka mji wa Constantinople, na baadhi ya wataalamu wakakimbilia Italia. Myunani aliye mashuhuri zaidi katika habari hizi ni Bessarion, aliyezaliwa Trebizond kando ya Bahari Nyeusi. Yeye alikuwa amekwisha kukaa Italia, tena alikuwa Kadinali. Lakini mji mkuu wa watu wake ulipoanguka, aliwatuma watu kutafuta na kununua vitabu vya Kiyunani popote vilipo, akihofu visije vikapotea. Mwaka wa 1468 alivitoa vyote, mamia kwa mamia, viwe mali ya mji wa Venice. Vitabu hivyo ndivyo msingi wa Maktaba ya Mtakatifu Marko, iliyopo hata leo.

Hapo mjomba alinikatiza. "Kwao kulipovunjika hakuokoa ng'ombe, aliokoa vitabu?" Nikamjibu, "Ndivyo, mjomba." Akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Huko Florence, tajiri mmoja mwenye benki, Cosimo de' Medici, alimpa kijana Marsilio Ficino nyumba na vitabu ili atafsiri kwa Kilatini maandiko yote ya Plato. Kazi ile ilichukua miaka mingi, ikapigwa chapa mwaka wa 1484. Neno "kupigwa chapa" ni la kushika sana. Katika miaka ya 1450 Johannes Gutenberg, mtu wa Mainz huko Ujerumani, alikuwa ameanza kupiga vitabu chapa kwa herufi za madini. Kabla yake kitabu kiliandikwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine, na bei yake ilikuwa ya matajiri. Baada yake, wazo la mtu mmoja liliweza kufika miji kumi katika mwaka mmoja. Hivyo Erasmus wa Rotterdam alisomwa Ulaya nzima akiwa bado hai. Na Nicolaus Copernicus, mtu wa Poland, alipoandika ya kuwa dunia ndiyo inayolizunguka jua, kitabu chake kilitoka kiwandani mwaka wa 1543, mwaka ule ule aliokufa. Mwili ulizikwa, kitabu kikaendelea kusafiri.

Mganda mmoja akauliza kama elimu yote ile ilitoka kwa Wayunani peke yao. La, sivyo. Karatasi yenyewe ni uvumbuzi wa Wachina, na Waarabu ndio walioifikisha Ulaya. Kitabu cha utabibu cha Ibn Sina kilifundishwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Na yuko mtu mwingine ambaye watu wa Nile hatuna budi kumjua, Ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, akahamia Kairo, akafa huko yapata mwaka wa 1040. Husimuliwa ya kuwa alikwenda Misri kwa nia ya kuzuia mafuriko ya Nile, akauona mto ulivyo, akakiri kuwa jambo hilo halimkiniki. Lakini akiwa Kairo aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na jinsi jicho linavyoona. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini, kisha kwa Kiitalia, na miaka mia nne baadaye Lorenzo Ghiberti, fundi wa sanamu wa Florence, alikitumia alipoandika juu ya elimu ya kuona. Maji yapitayo mashariki ya Uwanja wa Ndege wa Juba ndiyo yafikayo Kairo. Kwa hiyo, mtu akisema ya kuwa mwamko ule ni wa Wazungu pekee, mwulizeni walijifunza kwa nani mambo ya nuru.

SIKU YA PILI: MAFUNDI

Siku ya pili nilimwanzia mjomba kwa mizigo, kwa sababu ndiyo kazi aijuayo. Kanisa kuu la Florence lilikuwa limejengwa kwa miaka mingi, likabaki na tundu kubwa juu, maana hakuna aliyejua jinsi ya kulifunika kwa kuba pana namna ile. Filippo Brunelleschi aliianza kazi hiyo mwaka wa 1420, na kuba likakamilika mwaka wa 1436. Zamani alikuwa amekwenda Roma kuyachunguza magofu ya kale kwa macho yake. Alijenga matabaka mawili ya kuba, moja ndani ya jingine, na matofali akayapanga kwa namna ya kushikana yenyewe yasianguke wakati wa kujenga. Tena alibuni mtambo wa kuinulia mizigo uliozungushwa na ng'ombe. Ng'ombe walizunguka upande mmoja tu. Fundi alipogeuza gurudumu, mzigo uliokuwa ukipanda ukaanza kushuka, bila kuwafungua ng'ombe na kuwageuza.

Wachukuzi waliulizana sana juu ya mtambo huo. Nikawachorea mchangani kwa kijiti. Mjomba aliutazama mchoro, akasema, "Huyu amebeba mizigo. Mtu ambaye hajabeba hawezi kuwaza hivi." Nikaona ya kuwa swali la gunia limeanza kupata jibu, lakini sikusema neno.

Baada yake nikawaeleza habari za Leonardo da Vinci, aliyezaliwa mwaka wa 1452 na kufa Ufaransa mwaka wa 1519. Alizaliwa nje ya ndoa, wala hakusoma Kilatini utotoni kama wana wa wakubwa, lakini aliuliza kila kitu. Alipasua maiti apate kuona misuli. Alichora mitambo, pamoja na ile ya Brunelleschi. Alichora karamu ya mwisho ya Bwana ukutani katika mji wa Milan. Yapata mwaka wa 1505 aliandika daftari juu ya kuruka kwa ndege wa angani, akitaka kujua mtu atawezaje kuruka. Alichora mabawa ya mti na nguo. Kijana mmoja akatazama ndege iliyokuwa ikishuka, akauliza, "Yake iliruka?" La, haikuruka. Misuli ya mtu ni dhaifu mno kwa kazi ile. Lakini liko jambo zito kuliko hilo. Leonardo aliandika maelfu ya kurasa, kwa maandishi ya kinyume yasomekayo kwa kioo, na karibu zote hazikupigwa chapa maishani mwake. Watu wengine walilazimika kuyavumbua upya mambo aliyokwisha kuyaona. Elimu iliyofungiwa sandukuni haimfai hata jirani.

Michelangelo, aliyeishi tangu 1475 hata 1564, alipewa pande la marumaru ambalo mafundi wengine walilianza wakaliacha. Kati ya mwaka wa 1501 na 1504 alitoa ndani yake sanamu ya Daudi, yenye kimo cha zaidi ya meta 5. Baadaye Papa Julius wa Pili alimwagiza achore dari ya kanisa la Sistine huko Roma, akaichora tangu 1508 hata 1512. Karibu na hapo, katika jumba la Papa, Raphael alichora ukutani picha ya wenye hekima wa kale wakijadiliana, na katikati ya Wayunani wale alimweka Ibn Rushd, Mwislamu wa Cordoba, mwenye kilemba. Mchoraji yule alijua deni lilipo.

Sasa sikilizeni upande wetu. Mwaka wa 1441, Florence ikiwa katika fahari yake, watawa wa Ethiopia waliotoka katika nyumba yao ya Yerusalemu waliingia mjini humo kuhudhuria mkutano mkuu wa Kanisa. Fundi Filarete alipotengeneza milango ya shaba ya Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, iliyokamilika mwaka wa 1445, aliweka juu yake picha za mkutano ule pamoja na wajumbe waliotoka Afrika. Milango ile ipo hata sasa. Na huko Ethiopia kwenyewe, katika enzi ya Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala tangu 1434 hata 1468, alikuwako mchoraji mtawa, Fre Seyon. Picha yake ya Bikira Maria na Mtoto imetunzwa katika kisiwa cha Daga Estifanos, ziwani Tana, mahali atokako Nile ya Buluu. Jina lake twalijua kwa sababu limeandikwa pale pale kwenye picha. Baadaye kidogo mchoraji wa Venice, Nicolò Brancaleon, alifika Ethiopia, akakaa huko zaidi ya miaka 40, akachora katika makanisa. Kwa hiyo mafundi walipita mlangoni kwa pande zote mbili.

Mtu akitaka kuona kwa macho kazi ya msanifu wa Kiitalia wa zama zile hapa Afrika ya Mashariki, na aende Mombasa. Boma la Fort Jesus lilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan. Wataalamu wa Ulaya wa wakati ule walipenda majengo yafuate vipimo vya mwili wa mwanadamu, na boma lile likitazamwa kutoka juu lina umbo la mtu: kichwa, mikono na miguu. Mwaka wa 2011 liliandikwa katika urithi wa dunia. Ni kazi nzuri. Lakini tusisahau lilijengwa kwa sababu gani. Lilijengwa kuweka mizinga, na Wareno waliolijenga ni wale ambao mwaka wa 1505 waliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Ustadi ni mmoja. Wenye kuutumia ndio waamuao utakuwa wa kuba au wa mzinga. Na hapo tunafika kwa watawala.

SIKU YA TATU: WATAWALA

Watawala wa zama zile hawakuwa watakatifu. Lorenzo de' Medici, mjukuu wa Cosimo, alikuwa mshairi na rafiki wa mafundi, na Michelangelo alipokuwa kijana alikaa nyumbani mwake. Lakini Lorenzo huyo huyo aliwaadhibu adui zake bila huruma. Papa Julius wa Pili aliyemwagiza Michelangelo achore alikuwa pia mtu wa vita. Niccolò Machiavelli, karani wa serikali ya Florence, aliwatazama wakuu wa namna hii kwa karibu, na mwaka wa 1513 aliandika kitabu juu ya jinsi mfalme apatavyo madaraka na kuyashika. Hata leo watu hubishana kama alikuwa akifundisha ubaya au alikuwa akieleza tu aliyoyaona.

Lakini walio bora katika hao walikuwa na tabia moja ya kujifunza: walijua kuita. Sultani Mehmed wa Pili, yule yule aliyeiteka Constantinople, aliomba Venice impelekee mchoraji, akapelekewa Gentile Bellini, ambaye alimchora mwaka wa 1480. Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa alimwita Leonardo katika uzee wake, akampa nyumba ya kukaa. Wakuu walitumiana hata wanyama. Mwaka wa 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Na mwaka wa 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo twiga, akapitishwa katika njia za Florence, watu wakijaa madirishani kumtazama. Wachukuzi wakacheka, wakataka kujua aliyembeba alilipwa kiasi gani. Hilo vitabu havikuliandika.

Baada ya kicheko nikawapa habari niliyokuwa nimeiweka ya mwisho. Ni ya Ethiopia, safari fupi ya ndege kutoka Juba. Mwanzoni mwa karne ya 16 Malkia Eleni, aliyeishika nchi wakati mfalme alipokuwa mtoto, alipeleka mjumbe Ureno kutafuta urafiki. Mfalme yule alikuwa Lebna Dengel, aliyetawala tangu 1508 hata 1540. Mwaka wa 1520 ujumbe wa Wareno ukafika kwake, pamoja na padre Francisco Álvares, aliyekaa miaka sita na kuandika habari za nchi kwa makini. Walipoondoka mwaka wa 1526 mfalme aliwapa barua za kumpelekea mfalme wa Ureno. Katika maombi yake alitaka apelekewe mafundi: wa kutengeneza sanamu, wa kupiga vitabu chapa, wa kufua panga na silaha za vita, waashi, maseremala, waganga na wapasuaji, na wafua dhahabu. Hebu fikirini. Mtawala wa Afrika, katika siku za Michelangelo, aliona kwa akili yake ni nini kilichoipa Ulaya nguvu, akaandika kukiomba: chapa, utabibu, ujenzi, na silaha.

Alipata nini? Mwaka wa 1529 alishindwa vitani na Imamu Ahmad bin Ibrahim, aliyetoka upande wa Harar. Vita vilienea nchini. Makanisa na vitabu vingi viliungua. Hata monasteri kubwa ya Debre Libanos ilichomwa mwaka wa 1531. Imamu alisaidiwa na Waturuki kwa bunduki. Lebna Dengel alikufa mwaka wa 1540 akiwa mkimbizi katika nchi yake. Mwaka uliofuata msaada wa Wareno ukaja, askari wapata 400 wenye bunduki, wakiongozwa na Cristóvão da Gama, mwana wa Vasco da Gama. Cristóvão aliuawa mwaka wa 1542, na Imamu naye mwaka wa 1543. Mtambo wa chapa mfalme hakuuona maisha yake yote.

Chini ya mwarobaini palikuwa kimya. Kisha mjomba akasema polepole, "Aliomba vitabu na panga katika barua moja. Panga zikafika." Hakuna aliyeongeza neno. Wote pale waliikumbuka Julai ya mwaka wa 2016, mapigano yalipofika karibu na uwanja na ndege za abiria zikasimama. Na tangu Aprili 2023 walikuwa wamewaona watu wengi wakiikimbia Sudan kwa sababu ya vita vya Khartoum. Habari ya mlango kufungwa na bunduki haikuhitaji mwalimu.

Lakini sikutaka tuishie hapo, kwa kuwa historia yenyewe haikuishia hapo. Katika waliokimbia Ethiopia alikuwako mtawa wa Debre Libanos aitwaye Tasfa Seyon. Alifika Roma, akakaa katika nyumba ya Waethiopia iliyo nyuma ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Na huko, mwaka wa 1548 na 1549, yeye na wenzake walipiga chapa Agano Jipya kwa lugha yao ya Ge'ez. Aliwaomba wasomaji wamsamehe makosa ya chapa, maana waliopanga herufi hawakuijua lugha, na waliojua lugha hawakuijua kazi ya chapa. Kile ambacho mfalme alikiomba kwa barua asikipate, mkimbizi alikitenda kwa mikono yake ugenini.

Mtu wa pili akaniuliza, "Na sisi huku, wakati huo, tulikuwa na nani?" Ni swali la haki. Chini kidogo ya Nile, Amara Dunqas aliusimamisha ufalme wa Wafunj wa Sennar mwaka wa 1504, nao ulidumu hata 1821. Washilluk humtaja Nyikang, mwanzilishi wa ufalme wao, na kila reth anaposimikwa roho ya Nyikang huhesabiwa kuwa imemwingia. Hawa ni watawala wenye haki ya kutajwa. Lakini tazameni tofauti. Fre Seyon twamjua kwa maandishi ya picha moja. Lebna Dengel kwa barua zake. Wakilwa kwa tarikh yao iliyoandikwa yapata mwaka wa 1520. Babu zetu wengi waliotawala, waliowaza na waliochonga, majina yao yamo vinywani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Likizo ile ile niliwauliza wachukuzi ni nani kati yao aliyeandika nyimbo za babu yake. Hakuna. Nami sikuwa nimeandika.

YA KUSHIKA

Wasomaji wapenzi, katika siku tatu zile nilijifunza zaidi ya wale niliowafundisha, na mambo matatu nayaweka mbele yenu.

La kwanza, Zama za Mwamko hazikushuka kutoka mbinguni juu ya Florence. Zililetwa na watu waliosafiri, wengine kwa hiari na wengine kwa kufukuzwa, kutoka Constantinople, Kairo, Yerusalemu na Debre Libanos.

La pili, mashuhuri wa kweli ni yule ambaye kazi yake huwafikia wengine. Bessarion hakuandika vitabu vile, alivitunza. Hata hivyo jina lake limekaa.

La tatu, nchi hupimwa kwa kile inachokiita kupitia mlango wake na kile inachokirudisha. Mwanafunzi aondokaye Juba ni mzigo wa thamani kuliko gunia lolote liingialo, lakini thamani hiyo huonekana siku arudipo.

Mjomba aliamua siku ya nne, bila maneno mengi. "Chukua Historia," alisema, "lakini Hesabu pia uichukue, kwa sababu yule wa ng'ombe na gurudumu alijua hesabu." Nimefanya kama alivyoagiza. Tena ameniwekea sharti: kila likizo nilete daftari lenye jina la mzee mmoja wa kwetu na aliyoyafanya, yaliyoandikwa kwa wino. La kwanza limekwisha kujaa kurasa kumi na moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja watu wawili waliofikisha elimu ya Kiyunani Italia, na ueleze kila mmoja alifanya nini.
2. Ibn al-Haytham alisaidia namna gani kazi ya mafundi wa Florence?
3. Kwa nini daftari za Leonardo hazikuwafaa watu wa wakati wake?
4. Lebna Dengel aliomba nini katika barua zake? Kilichofika ni nini, na kwa sababu gani?
5. Katika kijiji chenu ni nani anayezijua habari za watawala au mafundi wa zamani? Mwulize kabla ya muhula ujao, ukaandike.